Ree Mbili na Nauli ya Kivuko

Kuna fundisho linalopitishwa baina ya wachezaji wa karata kana kwamba ni busara ya kale, nalo ni hili: aliyepewa karata kubwa na anyamaze, aweke dau dogo, awaache wenzake wakae mezani, maana ati kuku hashikwi kwa kelele. Fundisho hilo lina sura ya hekima na matendo ya upumbavu. Kila siku huwapokonya vijana fedha zao, na kwa kuwa limejivika vazi la subira, hapana anayelishitaki.

Na achukuliwe kijana mmoja wa Sengerema, mwenye umri ambao sheria inauruhusu, yaani miaka 18 au zaidi, aliyeketi barazani jioni na simu yake, akicheza poka ya fedha ndogo na watu wanne asiowaona. Mchezo wenyewe, kwa asiyeujua, ni mwepesi kuelezwa. Kila mmoja hupewa karata mbili za siri. Karata tano hufunuliwa katikati ya meza, kwanza tatu kwa pamoja, kisha moja, kisha moja. Na baina ya ufunuo na ufunuo watu huweka dau, huongeza, au hutupa karata zao na kujitoa. Mwenye karata tano bora katika saba hulichukua fungu. Kijana huyu amepata ree mbili, ya shupaza na ya pau. Hapana jozi iliyo kubwa kuliko hiyo. Moyo unamdunda, na lile fundisho linamnong'oneza: nyamaza.

Walakini hesabu hainong'oni. Ree mbili zikipambana na mtu mmoja mwenye karata zozote mpaka karata zote tano zifunuliwe, hushinda mara 85 hivi katika 100. Wapinzani wakiwa wawili, hushinda mara 73. Wakiwa watatu, mara 64. Wakiwa wanne, mara 56. Wakifika tisa, ni mara 31 tu. Karata ni zile zile, wala hapana aliyezigusa. Kilichozipunguza nguvu ni wingi wa wageni walioachwa waingie bila kuulizwa.

Mtetezi wa ukimya atajibu kwamba wengi wakibaki, fungu nalo hukua, na mara 31 za fungu kubwa zaweza kuzidi mara 85 za fungu dogo. Hoja hii si ya kudharauliwa. Ni kweli kabisa, mradi kila mmoja awe amelipa sawa na mwenzake kabla ya karata kufunuliwa. Lakini mnyamavu hawalipishi. Huwaacha watazame bure, na aliyetazama akaona hakupata kitu huondoka na fedha zake, na aliyepata hubaki kumnyang'anya. Kwa miaka mingi, kabla ya daraja la Kigongo–Busisi kufunguliwa mwezi Juni 2025, watu wa Sengerema walivuka ghuba kwa kivuko, na nauli ililipwa kabla ya kupanda. Hapakuwa na abiria aliyeruhusiwa kufika ng'ambo kwanza, akatazame kama safari imemfaa, ndipo atoe fedha. Mwenye ree mbili ndiye mwenye kivuko. Kazi yake si kuwafukuza abiria, kama waogao wanavyodhani. Kazi yake ni kuwatoza.

Na atoze kiasi gani? Tuseme mezani zimefunuliwa mzungu wa nne wa kopa, saba ya kopa na mbili ya uru, na mpinzani mmoja ana kopa mbili mkononi. Akipata kopa ya tano, jozi ya ree imekwisha. Karata asizoziona ni 47, na kopa miongoni mwake ni 9. Fungu ni shilingi 1,000. Kijana, kwa kutii fundisho lake, anaweka dau la shilingi 100. Mpinzani analipa 100 kwa kulitazamia fungu lililofika 1,100. Katika mara 47, mara 9 atapata jumla ya shilingi 9,900, na mara 38 atapoteza jumla ya shilingi 3,800. Amepewa biashara yenye faida, na aliyempa ni yule aliyekuwa na karata kubwa. Lakini dau likiwa 1,000, mpinzani hulipa 1,000 kwa kutazamia 2,000. Atapata 18,000 na kupoteza 38,000. Kwenye meza za fedha ndogo watu hulipa hata hivyo, kwa sababu wamekuja kucheza, hawakuja kutupa karata. Basi mahali ambapo watu wako radhi kulipa nauli kamili, ni wazimu gani kuwatoza robo?

Wazee wa pwani hawakuhitaji simu kulijua jambo hili. Karata zao zingali zikishuhudia kupita kwa Wareno: kopa, uru, pau, na turufu yenyewe ni maneno ya Kireno yaliyovaa kanzu. Katika wahedi wa sitini, mchezo wa kutafuta hesabu ya 61 katika 120, mzungu wa pili ana 2, wa tatu ana 3, wa nne ana 4, ree ina 11, na saba, ndogo kwa macho, ina 10. Saba hiyo ni tajiri asiye na mlinzi. Juu yake ipo ree, na pembeni yake ipo turufu hafifu isiyo na hesabu yoyote. Anayeificha mpaka wenzake wamekusanya turufu mikononi huipeleka mwenyewe nyumbani kwa adui.

Subira yavuta heri, ndivyo isemwavyo. Lakini wanawake wanaoanika dagaa katika mwambao wa Ziwa Viktoria hawaiimbi methali hiyo wingu jeusi linapopanda. Dagaa waliotandazwa ni mali, na mvua moja huwaharibu. Huko methali ya kweli ni ile ya chelewa chelewa.

Kosa la pili ni ndugu wa la kwanza. Yule yule aliyeogopa kuongeza dau mapema huwa shujaa mwishoni. Kopa ya tatu imefunuliwa mezani, mtu aliyekuwa kimya tangu mwanzo ameweka dau kubwa kwa ghafula, na kijana anang'ang'ania ree zake kwa sababu zilikuwa kubwa saa ilipoanza. Kwenye meza za bei rahisi mnyamavu wa namna hiyo hasemi uongo mara nyingi. Ree mbili sasa ni jozi moja tu, na kuzitupa kunauma kuliko kupoteza fedha.

Hapo ndipo msemaji wa adili huinuka na kusema kwamba yote ni bahati, na dawa ni kuacha. Hata sheria ya mwaka 2003 iliyounda Bodi imeuita mchezo huu, pamoja na mingine, wa kubahatisha. Kwamba mwenye meza hukata sehemu yake katika mafungu, ashinde huyu ashinde yule, ni kweli, na kwa sababu hiyo wengi wangefanya vema kuacha. Lakini neno bahati halimwachishi mtu. Kinyume chake, humrudisha, maana bahati iliyokuwa mbaya leo yaweza kuwa nzuri kesho, ilhali hesabu iliyokuwa mbaya leo itakuwa mbaya vile vile kesho.

Kijana wa barazani, fungu lilipokwenda kwa mwingine, alisema, "Bahati yangu mbaya," akatia fedha nyingine kwa simu. Aliyelichukua alikuwa amelipa shilingi 100.