Wingi wa Kihausa si Fujo

Mwanafunzi aliyefundishwa wingi wa Kiingereza, yaani ongeza "s" kisha ukariri vikaidi vichache kama "feet", "mice" na "oxen", akifungua kamusi ya Kihausa hushika kichwa. Gida, nyumba, wingi wake gidaje. Riga ni riguna, kifi ni kifaye, doki ni dawakai, mutum ni mutane. Bargery, katika kamusi yake kubwa ya mwaka 1934, ilimbidi aandike wingi kando ya nomino, na baadhi ya nomino zina wingi wa namna mbili tatu. Kanuni iko wapi?

Ipo, ila haikai mwishoni mwa neno peke yake. Kiambishi cha wingi cha Kihausa huja na toni zake na kuzifuta zile za neno lenyewe. Mota, gari, huanza na toni ya juu ikaishia ya chini. Motoci ni ya juu mwanzo hadi mwisho, sawa na wenzake wote wa kundi hilo. Riguna hushuka kwenye silabi ya mwisho, kifaye hushuka katikati. Maandishi ya kawaida ya Kihausa hayaonyeshi toni. Mgeni hunyimwa nusu ya kanuni, kisha lugha ndiyo inayolaumiwa!

Wala wepesi wa Kiingereza si kipimo cha lugha nyingine. Zamani nacho kilikuwa na njia kadhaa za wingi. Macho yaliitwa "eyen", mpaka "s" ilipozimeza karibu zote. "Children" imebaki na viambishi viwili vya wingi, kimoja juu ya kingine. Kihausa hakikuzifunga njia zake, na kigeni kikiingia hupata pa kupita: asibiti ikawa asibitoci, littafi ya Kiarabu ikawa littattafai.

Tena Mhausa huweza kusema mota biyu, nomino ikiwa katika umoja, maana idadi imekwisha kutajwa. Kiingereza hudai "s" yake hata hapo. Sisi ndio wafujaji hasa: "vitabu vyangu viwili vizuri vimepotea", wingi mara tano katika maneno matano.

Kuanzia ukurasa ujao kila mfano wa Kihausa una alama za toni. Zitayachosha macho mwanzoni. Someni kwa sauti.