Tusikate Schubert vipande

Napingana na makala yako kwa jambo moja: mwimbaji asichukue nyimbo tatu nne tamu za mfululizo wa Die schöne Müllerin akaziacha zilizobaki. Schubert aliutunga mfululizo huo mwaka 1823 kwa mashairi ya Wilhelm Müller. Nyimbo ni 20, na zote ni safari ya kijana mmoja: anafuata kijito, anampenda binti wa mwenye kinu, mwindaji anampokonya, naye anaishia majini. Ukiruka katikati, kifo chake kinakuja bila sababu.

Kwenye kwaya zetu za Kiswahili hapa Takoma Park na jirani zake wapo vijana wa sauti ya tatu wenye koo la kuimudu kazi hii. Kigumu ni kuimba karibu saa nzima, wewe na mpiga piano tu, bila soprano wala besi wa kukubeba. Uwezo huo hujengwa kwa miezi, pamoja na kukisoma Kijerumani neno kwa neno.

Vijana hao wamsome mwimbaji Roland Hayes, Mmarekani Mweusi, mwana wa mama aliyezaliwa utumwani. Mwaka 1924 alizomewa Berlin kabla hajafungua kinywa. Alisimama kimya hadi ukumbi ukatulia, akaanza na Schubert, na watu wale wale wakamshangilia.

Waandaaji wa matamasha, tafadhali chapisheni maneno yote kwa Kiswahili kando ya Kijerumani, na waombeni wasikilizaji wasipige makofi mpaka wimbo wa 20 uishe.