Huruma isimkalishe mgonjwa wa figo

Leo nazungumza na familia zinazomuuguza mtu ambaye figo zake zimeshindwa kazi na anaishi kwa kusafishwa damu kwa mashine.

Hapa Morogoro mambo huwa hivi. Mzee aliyezoea kushuka na mkungu wa ndizi kutoka milima ya Uluguru hadi sokoni, kisha kupanda tena jioni, analetwa mjini kwa mwanawe ili awe karibu na usafiri wa kwenda hospitali. Nyumba nzima inamhurumia. Maji ya udhu anapelekewa alipo. Hata swala anahimizwa aswali kwenye kiti, ilhali nguvu za kusimama anazo. Tangu asubuhi hadi Isha yuko juu ya kochi. Kwa maoni yangu, huruma ya namna hii inamdhuru.

Hebu tufanye hesabu. Kwa kawaida mgonjwa husafishwa damu mara 3 kwa wiki, kila mara saa 4 hivi. Hizo ni saa 12 za kukaa au kulala, na hana budi nazo. Wiki ina saa 168. Saa 156 zilizobaki zimo mikononi mwake na mwenu.

Figo zikishindwa, misuli hunyauka, na kukaa kutwa huharakisha hali hiyo. Moyo nao hudhoofu, na maradhi ya moyo ndiyo yanayoongoza kwa kuwaua wagonjwa hawa. Utafiti uliotolewa Marekani mwaka 2003 ulionyesha kuwa wagonjwa wa mashine wasiojishughulisha walikuwa na hatari ya kufa ndani ya mwaka mmoja iliyozidi ya wenzao kwa takriban asilimia 62.

Utasema, aliyezidiwa ndiye asiyeweza kutembea. Ni kweli, na utafiti ule peke yake hauthibitishi kuwa kukaa ndiko kulikoua. Lakini Italia, katika utafiti uliotolewa mwaka 2017, wagonjwa walipangiwa kutembea dakika 10, mara 2 kwa siku, kwa siku za kupishana. Baada ya miezi 6, umbali waliotembea kwa dakika 6 ulipanda kutoka wastani wa mita 328 hadi 367. Wenzao wasiopangiwa mazoezi walibaki karibu pale pale. Kwa hiyo nguvu iliyopotea inaweza kurudi.

Tufanye nini? Kwanza muulizeni daktari wake kama moyo na presha vinaruhusu. Kisha mwacheni ajifuatie maji ya udhu, achambue mchicha, na ainuke kila baada ya nusu saa. Anayeweza kusimama katika swala asimame. Msikiti ukiwa karibu, aende polepole akisindikizwa na mjukuu. Milima asianze nayo.

Akitoka kwenye mashine apumzike, kwani presha inaweza kushuka. Mkono unaochomwa sindano za mashine usibebe mzigo mzito. Akihisi kizunguzungu aache na akae. Kifua kikiuma au pumzi zikibana, hospitali haraka.

Kumhudumia mgonjwa kuna thawabu kubwa. Mpeni mkono wa kuinukia, msimfanyie kila kitu.

Wabillahi tawfiiq.