MIMBA ZA WATOTO NI KAZI YA CHAMA



Wako watakaosema, wakiona kichwa cha maneno haya, ya kwamba chama kimeacha kazi yake kikaingia vyumbani mwa watu. Mishahara imesimama, kota zavuja, na wenye gazeti waandika habari za mimba! Twawaomba ndugu hao wasome mpaka chini, maana habari hii ni ya mshahara na ya kota tangu mwanzo wake.

Uchunguzi wa afya uliofanywa Kenya nzima mwaka 2022 ulionyesha kuwa katika kila wasichana 100 wa miaka 15 hadi 19, wasichana 15 walikwisha pata mimba. Mwaka 2014 walikuwa 18, basi tumepunguza kidogo. Lakini tazameni wako wapi. Samburu ni 50 katika 100, yaani nusu yao. Nyeri na Nyandarua ni 5 tu. Katika nyumba za maskini kabisa ni 21, na katika nyumba za matajiri ni 8. Je, msichana wa Samburu ana tabia mbaya mara kumi kuliko mwenzake wa Nyeri? Hatuamini. Watu hupenda kulaumu tabia za vijana wa siku hizi, lakini tabia haifuati mpaka wa kaunti wala mfuko wa baba. Vinavyofuata mipaka hiyo ni shule, chakula, na desturi ya kuoza watoto mapema.

Sisi watu wa reli ilitupasa kulijua jambo hili kabla ya wengine. Wazee wetu waliolala katika landi za Nairobi walipimiwa mshahara kwa tumbo la mwanamume mmoja asiye na mke, hata kama mke na watoto walikuwa wakingoja mashambani. Mpaka ilipotoka ripoti ya Bwana Carpenter mwaka 1954 ndipo Serikali ya siku zile ilipoambiwa wazi ya kuwa mtu wa kazi apewe mshahara wa kumtosha yeye na jamaa yake. Na magonjwa ya zinaa yalipoonekana mijini, wengi waliyaita upotovu wa Mwafrika. Chumba hawakukitaja, wala mshahara.

Leo chumba ni kile kile kimoja, na pazia katikati. Baba na mama wako upande huu, na upande ule wako watoto, pamoja na binamu mkubwa aliyekuja kutafuta kazi. Baba yuko safarini siku tatu. Mama huamka saa kumi za usiku kwenda kununua mboga za kuuza. Msichana wa miaka 14 hubaki na nani? Akihitaji pedi humwomba nani? Iko sheria ya mwaka 2017 isemayo kwamba Serikali itawapa wasichana wa shule pedi bila malipo, na ni sheria njema sana, lakini kila mzazi aweza kutuambia pakiti hizo zimefika shuleni kwa mtoto wake mara ngapi. Basi hutokea mtu mwenye huruma. Humpakia pikipiki siku ya mvua, humnunulia chipsi, humpa shilingi mia. Baadaye hudai. Tena tusiwasingizie vijana wa pikipiki peke yao, maana wamo pia watu wazima wenye kadi ya chama hiki.

Kama mtu abisha kwamba shida ni tabia, na akumbuke mwaka wa korona. Shule zilifungwa Machi 2020, na madarasa mengi hayakufunguliwa mpaka Januari 2021. Wachunguzi waliokuwa wakiwafuata wasichana wa sekondari magharibi mwa Kenya walikuta kwamba waliopatwa na kufungwa huko walipata mimba kabla ya kumaliza shule mara mbili kuliko wale waliotangulia. Tabia zao hazikugeuka kwa mwezi mmoja. Mlango wa shule ulifungwa, basi.

Na hapo hatujasema habari ya ukimya wetu. Zamani bibi alikuwa na kazi yake ya kumfundisha mjukuu. Leo bibi yuko mashambani na mjukuu yuko kota. Sisi baba twamwambia msichana asicheze na wavulana, twafikiri tumemaliza. Mvulana hatumwambii hata hilo, hujifunza katika simu. Akienda zahanati kuuliza, kijana humkuta jirani yake kwenye foleni, na muuguzi humwuliza kwa sauti kama mama yake ana habari. Harudi tena.

Sasa neno lililo zito. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 yasema kwamba mtu aliyelala na mtoto wa miaka 16 au 17 atafungwa miaka isiyopungua 15, na kama mtoto ni wa miaka 12 hadi 15, miaka isiyopungua 20. Ni kweli kwamba sheria hii huwaumiza pia vijana wawili wa umri mmoja waliopendana, na mwaka 2019 majaji wa Mahakama ya Rufani walisema jambo hilo lifikiriwe tena. Hapa twasema juu ya mtu mzima. Kesi hiyo baba wa msichana hawezi kuifuta, wala mzee wa mtaa. Hata hivyo katika kota zetu twajua yanayofanyika: viti vyapangwa, soda zanunuliwa, fedha zahesabiwa, na mara nyingine ofisa wa chama ndiye aliyekalia kiti cha katikati. Msichana hayuko.

Kwa hiyo twaleta shauri mbele ya tawi. Mwanachama akishtakiwa kwa kosa hili juu ya mtoto, chama kisimlipie wakili wala kumfanyia mchango, na ofisa yeyote asikae katika baraza la kumalizana. Wako wanakamati wanaopinga, wakisema chama ni cha kumtetea kila mwenye kadi. Twawajibu kwamba haki yake ya kusikilizwa mahakamani iko pale pale, nasi hatumhukumu. Twazungumza juu ya fedha, na baba wa msichana naye hukatwa ada kila mwezi.

Pamoja na hilo, tunapokwenda kwa mwajiri tudai vyumba viwili kwa kila mwenye watoto wakubwa. Na msichana aliyezaa arudishwe shuleni, kwani ruhusa iko tangu mwaka 1994, na mwongozo wake uliandikwa upya mwaka 2020. Mwalimu mkuu akikataa, karani wa tawi atafuatana na mzazi. Mtoto aliyeshikwa kwa nguvu apelekwe hospitali siku ile ile, kabla hazijapita saa 72, maana dawa ya kuzuia ukimwi haimfai baada ya hapo. Simu ya watoto ni 116, nayo ni ya bure.

Kura itapigwa katika mkutano wa tawi mwisho wa mwezi. Wanachama wanawake twawaomba waje wote. Mwenye neno la kupinga aliandike na kulitia katika sanduku la karani kabla ya siku hiyo, nasi tutalichapa kama lilivyo.