Bustani ya Ndoo Ipimwe Kabla ya Kusifiwa

Kila mwaka, kati ya Juni na Oktoba, wilaya za Mbulu na Hanang hupitia kiangazi kirefu. Katika nyanda za juu za Mbulu, huko Kainam na jirani zake, Wairaqw wamezoea tangu zamani kulima mabonde yenye unyevu na kurutubisha mashamba kwa samadi. Kwa hiyo mboga za majani hazitoweki kabisa. Hali ni ngumu zaidi katika tambarare zilizo chini ya Mlima Hanang, ambako kaya nyingi huteka maji mbali na kuyabeba kwa ndoo au kwa punda. Aghalabu anayetumwa kisimani ni msichana ambaye angepaswa kuwa darasani. Kila lita inayomwagwa bustanini ina mtu aliyeibeba.

Ndiyo maana bustani ya ndoo, yaani chombo kinachojinywesha chenyewe na kinachoweza kutengenezwa nyumbani, yastahili kufikiriwa kwa makini na shule za sekondari za wilaya hizi. Lakini yastahili kupimwa kabla ya kusifiwa.

Fikra yenyewe si ngeni duniani. Kitabu cha kilimo cha Fan Shengzhi, kilichoandikwa Uchina katika karne ya 1 kabla ya Kristo, kinaeleza namna ya kufukia mtungi wa udongo na kuujaza maji, ili yapenye polepole katika kuta zake na kuifikia mimea iliyo kando. Chombo cha siku hizi hufanya kazi hiyohiyo kwa plastiki. Ndoo mbili za lita 20 hupachikwa moja ndani ya nyingine, na mawe machache huwekwa kati ya vitako vyake ili pabaki nafasi ya maji. Kitako cha ndoo ya juu hutobolewa matundu madogo, na katikati yake huchomekwa kikopo chenye matundu, kilichoshindiliwa udongo, ambacho huzama katika maji. Kipande cha bomba hupitishwa kutoka juu kwa ajili ya kujazia. Mwishowe, ubavuni mwa ndoo ya chini, karibu na usawa wa kitako cha ile ya juu, hutobolewa tundu la kutolea maji yaliyozidi. Tundu hilo lisisahauliwe, kwa kuwa ndilo linalohifadhi nafasi ya hewa, na mizizi isiyopata oksijeni huoza hata kama samadi ni tele.

Maji hupanda kwa nguvu ya kapilari. Molekuli za maji huvutwa na kuta za vinjia vyembamba vilivyomo udongoni, na papo hapo huvutana zenyewe kwa zenyewe. Kadiri njia inavyokuwa nyembamba, ndivyo maji yanavyopanda juu zaidi. Katika mrija safi wa kioo wenye nusu kipenyo cha milimeta 1, maji hupanda sentimeta 1.5 hivi, nusu kipenyo kikiwa milimeta 0.1, hupanda karibu sentimeta 15. Hivyo changarawe haifai, kwa sababu vinjia vyake ni vipana mno. Mfinyanzi mtupu nao haufai: hupandisha maji juu sana, lakini polepole, tena huizibia mizizi hewa. Mchanganyiko wa udongo wa shambani, mchanga na samadi iliyooza vizuri ndio unaofaa kujaribiwa.

Hapa ndipo sifa zinapoanza kupita kiasi. Husemwa kwamba mmea uliomo katika ndoo hiyo hunywa maji kidogo. Sivyo. Sehemu kubwa ya maji yanayofyonzwa na mizizi hutoka hewani kupitia vitundu vya majani viitwavyo stomata, na chombo hakibadili jambo hilo. Kinachookolewa ni maji ambayo katika tuta la kawaida yangezama chini ya mizizi, pamoja na sehemu ya yale ambayo yangekaushwa na jua juu ya udongo. Akiba hiyo ni ya kweli, lakini haifuti safari ya kisimani.

Hatari kubwa zaidi haionekani siku ya kwanza. Katika tuta, mvua husukuma chumvi chini. Katika chombo hiki maji husafiri kwenda juu, huondoka kama mvuke, na chumvi hubaki. Baada ya miezi kadhaa huenda utando mweupe ukatanda juu ya udongo. Katika Bonde la Ufa jambo hili si dogo. Ziwa Balangida, lililo chini ya Mlima Hanang, lina chumvi, na maji ya ardhini yenye floridi nyingi katika bonde hilo kwa kawaida huwa pia na sodiamu nyingi na kalisi kidogo. Sodiamu hutawanya chembe za mfinyanzi, nazo huziba vilevile vinjia ambavyo kapilari huvitegemea. Maji mabaya, basi, huharibu mmea na chombo kwa pamoja. Maji ya kufulia yasitumiwe kwa sababu hiyohiyo.

Dawa iko juu ya paa. Mvua ya milimeta 1 ikinyesha juu ya meta 1 ya mraba hutoa lita 1. Paa la mabati la meta 40 za mraba, likipata mvua ya milimeta 10, hupokea lita 400, ijapokuwa sehemu kidogo hupotea njiani. Shule isiyokuwa na mfereji wa paa na tangi isianze na ndoo. Ianze na tangi. Na kila baada ya muda udongo umwagiwe maji ya mvua kutoka juu hadi yatoke kwenye tundu la ubavuni, kisha yaliyobaki chini yamwagwe, ili chumvi ioshwe.

Mambo mawili ya usalama hayana mjadala. Mdomo wa bomba ufunikwe, na tundu la ubavuni lizibwe kwa kitambaa cha chandarua, mbu wasije wakazaliana humo. Tena ndoo iliyowahi kubeba dawa ya kuulia wadudu isitumiwe kamwe, hata ikisuguliwa namna gani.

Tangu Mwalimu Nyerere atoe Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, bustani imekuwa na nafasi yake shuleni. Lawama iliyorudiwa mara nyingi ni kwamba jembe lilifika pasipo mizani wala daftari, na kazi ya bustani ikageuka kuwa adhabu. Bustani ya ndoo yaweza kurekebisha hilo kwa gharama ndogo. Wanafunzi watengeneze ndoo tatu zinazojinywesha na tatu za kawaida zinazomwagiliwa kutoka juu, kwa maana ndoo moja haithibitishi kitu. Udongo uwe mmoja, miche ya mchicha iwe sawa kwa idadi na umri, na jua liwe lilelile. Kila lita inayoingia iandikwe. Kila mavuno yapimwe. Mwisho wa kiangazi lita zigawanywe kwa kilo.

Hesabu hiyo yaweza kutoa jibu moja Dongobesh na jingine Katesh, na hapana aibu ndani yake. Ikiwa ndoo itashindwa mahali fulani, wanakijiji wataepushwa na gharama isiyo na faida. Ikiwa itashinda, mwanafunzi ataipeleka nyumbani pamoja na vipimo vyake, na mama yake ataweza kuamua mwenyewe kama ndoo moja ya maji yaliyotekwa kwa taabu yafaa iende huko.