Acheni Kutia Spini Ovyo

Ingia jioni yoyote penye meza ya pool pale Ukunda, usimame na wanaosubiri zamu. Hutakaa sana kabla hujasikia, "Tia spini!" Mpira uko mdomoni mwa shimo, mweupe umenyooka nyuma yake, hata mtoto angeutumbukiza. Lakini watu wanataka spini. Na mchezaji, kwa kuogopa kuonekana mshamba, anaitia.

Mimi nasema mshamba ni huyo anayeitia.

Manake ukigonga mweupe upande wa kulia, hauendi ulikolenga. Unaanza kwa kuhepa kidogo kushoto. Ukipiga polepole na fimbo imeinuka nyuma, unapinda njiani kurudi kulia. Halafu ukiugusa ule unaotaka kuutumbukiza, msuguano unauvuta huo wa pili kushoto. Mambo matatu yanavutana ndani ya pigo moja, tena juu ya meza zetu hizi: mipira ina vumbi na jasho, kitambaa kimelowa hewa ya bahari, fimbo imepinda, chaki imebaki ganda. Mfaransa Gaspard-Gustave de Coriolis, huyohuyo ambaye jina lake limepewa nguvu inayopinda pepo zetu za kusi na kaskazi, aliandika kitabu kizima mwaka 1835 kuhusu hesabu za biliadi. Kitabu kizima! Wewe unazifanya kwa kelele za waliokaa kwenye benchi.

Sisemi spini haina kazi. Kazi yake hasa ni kubadilisha njia ya mweupe ukishagonga ukingo, ili ukae pazuri kwa mpira unaofuata. Basi kabla hujainama, jiulize unaofuata ni upi. Ukiweza kuufikia kwa kugonga katikati, au juu, au chini, gonga hapo. Ukishindwa ndipo usogee pembeni, tena kidogo, kama nusu ya upana wa ncha ya fimbo, fimbo ilale, ukilenga huku unajua mweupe utahepa. Ukizidi nusu ya njia kutoka kitovu cha mpira kwenda pembeni, fimbo itateleza tu, ucheke na wenzio.

Naandika kwa uchungu, sikatai. Niliacha chuo, na nyumbani hadi leo wanasema ni pool iliyonitoa. Wallahi ilikuwa karo. Ila kuna usiku Msambweni nilibakiwa na mweusi peke yake, shubiri moja kutoka kwenye shimo, na mezani mna mia tano: sehemu ya malipo ya makala yangu ya kwanza. Nyuma yangu mtu akasema, "Tia spini, kijana!" Nikatia. Mweusi ukagonga kona ya shimo, ukayumba, ukasimama.

Mzee niliyekuwa nikicheza naye, mvuvi, akagonga katikati, taratibu, akaichukua noti. Kisha akaniuliza, bila kejeli:

"Mwanangu, mweusi ukiingia mchezo si umekwisha? Sasa mweupe ulikuwa unaupeleka wapi?"

Sikuwa na jibu. Siku hizi nawaona vijana wa boda boda wakiweka mezani mapato ya kutwa nzima, na walewale wapiga kelele, ambao hawajawahi kutumbukiza hata sarafu ya mbao kwenye meza, wakiwachochea.

Nauli ya kurudi Ukunda usiku ule nilikopeshwa na yule mzee. Aliyesema nitie spini alikuwa ashaondoka.