Mnihesabie taa ya Chumbe

Lidingö, Uswidi

Ndugu zangu wa Mbegani,

  

Juzi mwenzangu wa kazini alinionyesha palipokuwa kiwanda cha kampuni ya AGA, hapa hapa kisiwani ninapoishi. Jina hilo likanishtua. Mnara wa taa wa kisiwa cha Chumbe ulijengwa na Waingereza mwaka 1904, na mwaka 1926 ukafungiwa taa ya gesi ya AGA. Mkuu wa kampuni hiyo, Gustaf Dalén, ndiye aliyebuni vali inayofunga gesi jua likichomoza na kuifungua giza likiingia, bila mkono wa mtu. Mwaka 1912 mlipuko wa gesi ulimpofusha macho yote mawili. Mwaka huo huo akapewa Tuzo ya Nobel. Akaendelea na kazi hadi alipofariki mwaka 1937. Mtu asiyeona, anawawashia wengine taa baharini! Nimelala nalo hilo usiku kucha.

Nikamkumbuka baba. Usiku mmoja wa kusi tulikuwa mbali, katikati ya mkondo wa Unguja, tanga limechanika, na mimi nalia. Baba hakunibembeleza. Alisema, “Hesabu.” Taa ya Chumbe ikawaka, ikazima, naye akawa anagonga kidole kwenye usukani, moja, mbili, tatu, polepole, mpaka ilipowaka tena. Akarudia mara tatu ndipo akageuza ngalawa. Alinifundisha kwamba karabai za wavuvi wa dagaa huyumba na mawimbi, taa za hoteli hutulia tuli, lakini Chumbe huwaka kwa kipimo chake, haikosei.

Nasikia vijana siku hizi wanategemea simu. Simu ni msaada mkubwa, siikatai, lakini ikiingia maji ya chumvi imekwisha, na mtu yuko gizani na wenzake wanne ndani ya mashua. Ndiyo maana nawaomba wazee mliobaki, msiende kaburini na hesabu hiyo. Chuo cha uvuvi kipo hapo hapo Mbegani. Kaeni na wanafunzi jioni moja, wafundisheni kwa midomo yenu.

Na atakayetoka usiku huu akafika inapoonekana Chumbe, anihesabie kwa sauti, anirekodie, anitumie. Nataka niisikie na bahari ikiwa chini yake.

Wenu,
Mtoto wa Mbegani